Afya ya wazazi wetu mashambani: maswali ambayo watu wa Nairobi huuliza mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaofanya kazi Nairobi huku baba, mama, nyanya au babu wakiwa ushago. Huulizwa baada ya ibada, kwenye vikao vya chama, na mara nyingi saa tano usiku simu ya nyumbani inapolia. Majibu yameandikwa ili kila moja lisomeke peke yake. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye swali husika. Hayachukui nafasi ya mhudumu wa afya anayemwona mzee wako kwa macho.

## Mambo ya msingi

1. Tukisema wazee wa mashambani wako nyuma kiafya, tunamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha kwamba watu wawili wa umri mmoja, wenye ugonjwa mmoja, wanapata matokeo tofauti kwa sababu ya mahali wanapoishi. Mama wa miaka 72 anayeishi Lang'ata akiwa na presha ana nafasi nzuri ya kupimwa, kuanzishiwa dawa na kuangaliwa figo mapema. Mama wa umri huo huo Mwingi anaweza kukaa miaka mingi asijue ana presha, mpaka siku mdomo unapopinda na mkono unapokataa kuinuka. Majirani husema "ni uzee." Uzee haukupindisha mdomo wa yule wa Lang'ata.

Hili si jambo la huruma tu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji na msaada wa kutosha kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Wote wawili wametajwa. Familia haiwezi kuachiwa mzigo wote, na Serikali haiwezi kuachiwa wote pia.

2. Wazee wako wangapi, na hali yao inajulikana kweli?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na takriban milioni 2.7 kati yao walikuwa na miaka 60 na zaidi. Karibu 7 kati ya kila Wakenya 10 waliishi mashambani, na wazee wengi wako huko.

Kujua idadi yao ni rahisi kuliko kujua afya yao. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulipima watu wa miaka 18 hadi 69. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wamewahi kupimwa presha, na karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Sasa tazama umri huo tena: aliyekuwa na miaka 70 hakuulizwa wala hakupimwa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya nao huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Nyanya yako anaweza kuwa ndani ya nyumba siku wahoji wanapobisha hodi, na maswali ya afya yakaelekezwa kwa binti na mjukuu. Mtu asiyepimwa haingii kwenye hesabu, na asiyeingia kwenye hesabu hapangiwi dawa. Kwangu mimi, hapa ndipo ukosefu wa usawa unapoanzia.

3. Hali hii ilitoka wapi?

Ilijengeka polepole. Mwishoni mwa mwaka 1989 Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika vituo vya umma. Mwaka 2004 ada za vituo vya chini zikapunguzwa: shilingi 10 kwenye zahanati na shilingi 20 kwenye kituo cha afya. Mwezi wa Juni 2013 ada hizo zikaondolewa, na akina mama wakaanza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma. Kwa magonjwa ya wazee hakukuwa na mpango wa kitaifa wa aina hiyo unaowafikia wote.

Kumbuka pia kwamba zahanati zetu zilijengwa zikiwalenga mama na mtoto: chanjo, kliniki ya wajawazito, malaria. Hilo lilikuwa jambo jema na limeokoa watoto wengi. Lakini presha na sukari zinahitaji kituo kinachomjua mgonjwa kwa miaka 20 mfululizo, chenye dawa ileile kila mwezi. Zahanati nyingi zina muuguzi mmoja au wawili na foleni ya watoto.

4. Kwani wazee wa Nairobi wote wako vizuri?

La. Korogocho na Viwandani, ambako watafiti wamefuatilia maisha ya wakazi tangu mwaka 2002, wapo wazee wanaokaa karibu na hospitali kubwa wasiweze kulipia vipimo vyake. Umbali wao ni wa mfuko. Mashambani nako hali si moja: mzee wa Nyeri aliye karibu na barabara ya lami hawezi kulinganishwa na yule wa Turkana au Marsabit, ambaye safari ya hospitali humchukua siku nzima.

## Maradhi yenyewe

5. Kwa nini presha hugunduliwa mzee akiwa tayari amepata kiharusi?

Kwa sababu presha haiumi. Watu wengi husubiri kichwa kigonge au kizunguzungu kije, na kwa wengi dalili hizo haziji kabisa. Njia pekee ya kujua ni kupima mkono.

Habari njema ni kwamba kipimo kimesogea karibu na boma. Septemba 2023 Serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, kipima joto na mizani. Huwa ni watu wa kijiji hicho hicho, pengine mama anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa wazazi wako. Piga simu nyumbani uulize jina lake na nambari yake, kisha zungumza naye mwenyewe. Muulize mara ya mwisho alipita lini, na kama mashine yake ina betri. Malipo yao ni madogo na mara nyingi huchelewa, kwa hiyo ongea naye kwa heshima unayompa daktari.

Ukiweza, nunua mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, usinunue ile ya kifundo cha mkono. Mzee apumzike dakika tano kabla ya kupimwa, aketi akiwa ameegemea, asizungumze. Nambari ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi zikijirudia siku tofauti, aende kituoni.

6. Mama anasema presha imeshuka kwa hiyo ameacha dawa. Amepona?

Hajapona. Presha imeshuka kwa sababu ya dawa. Akiiacha itapanda tena, na mara nyingi itapanda bila yeye kuhisi chochote.

Kabla ya kumgombeza, tafuta sababu. Wazee wengi hawaachi dawa kwa ukaidi. Wengine hula moja leo na kuruka kesho ili zifike mwisho wa mwezi. Wengine walipewa dawa ya kutoa maji mwilini wakachoka kuamka usiku kutafuta choo cha nje gizani. Hilo hutatuliwa mara nyingi kwa kuimeza asubuhi, ila amuulize mhudumu kwanza. Wengine wanaogopa kwamba dawa "zitazoeleka mwilini." Na wapo wanaotaka tu kukupunguzia gharama kwa sababu wanajua una karo ya watoto. Mzazi wa aina hiyo hatakuambia ukweli kwenye simu ya dakika mbili. Mwambie kinagaubaga kwamba dawa ni rahisi kwako kuliko kiharusi.

7. Zahanati ya kijijini haina dawa kila mara. Kwa nini, na tufanye nini?

Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, isipokuwa hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti huagiza dawa, nyingi kupitia KEMSA, shirika la Serikali la kusambaza dawa. Fedha zinapochelewa kufika kaunti, au deni la dawa za nyuma linapokuwa halijalipwa, oda inayofuata nayo hukwama. Zahanati ikipata kidogo, hugawa kidogo: vidonge vya wiki mbili badala ya mwezi. Kwa kijana mwenye pikipiki hilo ni usumbufu. Kwa mzee mwenye goti bovu anayepanda kilima kwa saa nzima, ni sababu ya kukata tamaa.

Mambo mawili husaidia. La kwanza, jua jina la dawa lenyewe, kama amlodipine, losartan, hydrochlorothiazide au metformin, wala si rangi ya paketi. Dawa hizi zina matoleo ya bei nafuu ambayo kemisti yeyote aliyesajiliwa anaweza kukutajia. La pili, weka akiba ya mwezi mmoja nyumbani, mahali pakavu, ili zahanati ikikosa mzee asikose. Na pale dawa zinapokosekana mara kwa mara, kituo kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Malalamiko ya mzee mmoja hupotea. Malalamiko ya wazee wote wa kijiji yaliyoandikwa na kupelekwa kwa kamati na kwa mwakilishi wa wadi ni vigumu kuyapuuza.

8. Naweza kununua dawa Nairobi na kuzituma kwa basi?

Vidonge, ndiyo, vikiwa kwenye paketi zake, vimeandikwa jina la mzee na jinsi ya kumeza, na mtu anayejulikana akivipokea upande wa pili. Piga picha ya kila paketi ubaki nayo. Usibadilishe aina au kipimo kwa sababu kemisti wa mjini amekupa nyingine; muulize kwanza anayemtibu mzee.

Insulini ni habari tofauti. Joto huiharibu na barafu huiharibu vilevile. Chupa iliyokaa juani juu ya dashibodi kutoka Machakos Country Bus hadi Kitui si ya kuaminiwa, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ikiwezekana, ipatikane kwenye hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu naye. Nyumbani kusipokuwa na friji, chupa inayotumika inaweza kukaa takriban wiki nne mahali pa baridi, pasipofikiwa na jua. Kufungia chupa kwenye mfuko usiopitisha maji na kuiweka ndani ya chungu kilichotiwa kwenye chungu kikubwa, katikati kukiwa na mchanga mbichi, kunasaidia sana katika maeneo yenye joto. Mchanga uloweshwe kila siku.

9. Baba haoni vizuri tena. Si ndiyo macho ya uzee?

Labda ni mtoto wa jicho, na huo hutibika. Ni chanzo kikubwa cha upofu kwa wazee, na upasuaji wake ni mfupi, kwa ganzi ya jicho tu, mara nyingi mzee akirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Inaniuma kuona mzee akiongozwa kwa fimbo na mjukuu aliyeacha shule, kwa ajili ya kitu ambacho daktari wa macho angekiondoa asubuhi moja. Kuna vitengo vya macho vinavyojulikana Kikuyu na Sabatia kule Vihiga, na hospitali nyingi za kaunti zina daktari au tabibu wa macho. Kambi za macho hupita mashambani pia. Chifu na makanisa hutangaza.

Lakini usichelewe ukidhani yote ni mtoto wa jicho. Glakoma huiba uwezo wa kuona kimyakimya kutoka pembeni, na kilichopotea hakirudi. Mwenye sukari naye anahitaji kuangaliwa nyuma ya jicho kila mwaka.

10. Magoti yanamuuma, kemisti wa sokoni humpa vidonge vya maumivu kila wiki. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zake hupandisha presha, huchoma tumbo mpaka likavuja damu, na huumiza figo, hasa kwa mzee anayemeza pia dawa za presha. Paracetamol kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa wengi. Na mwambie mhudumu kila kitu anachomeza, pamoja na miti shamba. Asiogope kukaripiwa, ukweli huo unaweza kuokoa figo.

11. Kuna maradhi gani mengine ya mashambani ambayo huwa hatuyafikirii?

Moshi wa jikoni. Mama aliyepikia kuni kwa miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha anaweza kuwa na mapafu yaliyochoka sawa na ya mvutaji sigara. Kikohozi na pumzi fupi hukosewa kuwa pumu au baridi. Dirisha, bomba la moshi, au kupikia nje ni tiba pia.

Funza nao. Mzee asiyeweza kuinama wala kuona nyayo zake, anayelala kwenye sakafu ya vumbi, huliwa mpaka anashindwa kutembea, na aibu humfanya ajifiche. Usimtoe funza kwa pini inayotumiwa na watu wengi. Sakafu ikandikwe au itiwe saruji.

12. Nyanya anasahau sana, anatangatanga usiku, na watu wameanza kunong'ona. Ni nini?

Huenda ni ugonjwa wa usahaulifu unaotokana na ubongo kuchakaa, na huo ni ugonjwa kama mwingine. Kabla ya kufikia hapo, apimwe: maambukizi ya mkojo, huzuni ya muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, madhara ya dawa na hata uziwi vinaweza kumfanya mzee aonekane amechanganyikiwa, na hivyo vyote vina tiba.

Manong'ono yasipuuzwe. Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mzee anayezunguka usiku akiongea peke yake yuko hatarini zaidi. Ongea mapema na ndugu, mzee wa mtaa, mchungaji au imamu, ueleze waziwazi kwamba ni mgonjwa. Ukiona vitisho, mwondoe pale na uripoti polisi.

## SHA, Inua Jamii na pesa

13. Naweza kumwandikisha mzazi chini ya SHA yangu?

Hapana. Chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wanaofunikwa na mchango wako ni mume au mke wako na watoto. Mzazi hujiandikisha mwenyewe kama kaya yake, kwa kitambulisho chake, kupitia *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya ya jamii. Wewe unaweza kumlipia.

Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, paa, maji, kuni au gesi, na mifugo, kisha mfumo hukadiria mchango wake. Maswali hayo yajibiwe kwa hali ya kaya ya mzee. Nimeona watoto wakiyajibu wakiwa Nairobi kwa kufikiria nyumba yao ya Umoja, na mzee akakadiriwa kama mtu wa mjini. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na huwa kinatakiwa cha mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600.

14. Alijiandikisha, mbona hospitali ikamwambia alipe?

Kujiandikisha na kuchangia ni vitu viwili. Aliyejiandikisha tu anastahili huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, ambazo hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi. Kulazwa na huduma nyingi za hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6 hutoka kwenye mfuko wa bima, na huo unataka mchango uwe umelipwa.

Kwa hiyo mzee akiruka zahanati akaenda moja kwa moja hospitali kubwa kwa ajili ya presha ya kawaida, huenda akalipa. Aanzie chini, apewe rufaa. Na mchango ulipwe kabla ya ugonjwa, kwa sababu siku ya kulazwa ndiyo siku mbaya zaidi ya kutafuta 3,600.

15. Pesa za Inua Jamii zinatosha kumtunza?

Inua Jamii ni pesa ambazo Serikali huwapa wazee: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefikisha miaka 70 na asiyepokea pensheni ya Serikali. Mara nyingi huja kwa mkupuo baada ya kuchelewa. Mchango wa chini wa SHA wa mwaka hula karibu miezi miwili ya pesa hizo. Baki inunue unga, sabuni, nauli ya boda, na katika nyumba nyingi, daftari za wajukuu walioachiwa nyanya. Zinasaidia, na namwomba kila mtu ahakikishe mzazi wake anazipata. Hazitoshi.

Umri hutazamwa kwenye kitambulisho. Wazee wengi walikisiwa mwaka wa kuzaliwa, na mtu wa miaka 75 anaweza kuwa na kitambulisho kinachosema ana 66. Kurekebisha kunawezekana kupitia ofisi ya usajili wa watu, kwa ushahidi kama cheti cha ubatizo na barua ya chifu. Kunachukua muda, basi anza mapema.

16. Mashine inakataa alama za vidole vyake. Atakosa huduma?

Hapaswi kukosa. Mikono iliyoshika jembe miaka 60 hufutika mistari, na hili linajulikana. Vidole vioshwe kwa maji ya uvuguvugu, vikaushwe, vipakwe mafuta kidogo, na vijaribiwe vyote kumi. Vikigoma, omba njia nyingine ya utambulisho na usikubali kuambiwa tu "rudi kesho." Kwa malipo ya Inua Jamii, mzee asiyejiweza anaweza kuwa na mlezi aliyeandikishwa rasmi. Mlezi huyo awe mtu ambaye familia nzima inamwamini.

## Kumtunza ukiwa mbali

17. Si afadhali nimlete tu Nairobi?

Kwa matibabu maalumu, mlete. Kwa kuishi, fikiri mara mbili. Mzee aliyezoea shamba, jirani wa kuongea naye na kanisa lake, akiwekwa ghorofa ya nne Pipeline huku kila mtu ametoka saa kumi na moja asubuhi, hukaa kimya mchana kutwa. Hatembei, hali vizuri, na huanza kufifia. Wengi huomba kurudi baada ya muda mfupi, na ombi hilo si utovu wa shukrani.

Anayehitaji kuja ni yule mwenye ugonjwa usioweza kutibiwa kaunti yake, au ambaye hana mtu kabisa nyumbani. Wengine wote, ni bora uhamishie huduma kule aliko kuliko kumhamisha yeye.

18. Tunachanga pesa nyingi kila mara mzee anapougua, lakini hali haibadiliki. Tunakosea wapi?

Pesa zetu hufika mwishoni. Nimeshuhudia familia nyingi zikichanga laki tatu kwa siku mbili kwa ajili ya ambulensi, ICU na baadaye jeneza, ilhali mzee huyo alikosa dawa za shilingi mia chache kwa mwezi kwa mwaka mzima na hakuna aliyejua. Si kwamba watoto hawapendi wazazi. Harambee ina kikundi cha WhatsApp, mweka hazina na tarehe. Dawa za kila mwezi hazina mwenyewe.

Zipatie mwenyewe. Chagueni ndugu mmoja anayeshughulikia dawa pekee, tarehe moja ya kutuma pesa, na moja kwa moja kwa kemisti au kwa mlezi mkweli. Ndugu asiye na pesa apewe kazi ya kupiga simu kila Jumapili na kusoma nambari za daftari la presha (swali la 5). Kisha tengeni kiasi cha mchango wa SHA wa mwaka, nauli ya kliniki, na kitu kidogo cha dharura. Ukipiga hesabu, utakuta ni sehemu ndogo ya mlichochanga mara ya mwisho.

19. Dada yangu ndiye anayemtunza mama, nasi tunatuma pesa. Hiyo si haki?

Bado haijatosha. Anayetunza ndiye anayeamka usiku, anayebeba, anayeosha, na mara nyingi ameacha biashara au ndoa yake ikiyumba. Ni binti au mkamwana katika familia nyingi, na huombwa afanye hivyo kana kwamba muda wake hauna thamani. Mlipeni. Mpeni likizo: mmoja wenu arudi nyumbani akae wiki nzima mara kadhaa kwa mwaka. Na maamuzi ya matibabu yasifanywe Nairobi bila yeye, maana ndiye anayemwona mzee.

## Hali ngumu na zisizo za kawaida

20. Wamenipigia usiku: mdomo umepinda na mkono hauinuki. Niwaambie nini?

Waambie waangalie saa na waandike dalili zilianza saa ngapi. Wasimpe chakula wala maji, kwa sababu anaweza kupaliwa. Wasimpe aspirini: kiharusi kingine hutokana na mshipa kuziba na kingine na mshipa kupasuka, na bila picha ya ubongo ya CT hakuna anayejua ni kipi. Wasimwongezee vidonge vya presha. Alazwe ubavu, na aondoke sasa hivi, asisubiri kukuche.

Apelekwe hospitali yenye CT ikiwa ipo njiani, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, na si kila hospitali inayo. Njia hiyo ijulikane kabla: nambari ya mwenye gari kijijini iwe imeandikwa ukutani. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.

21. Wakati wa mgomo tunafanyaje?

Mwaka 2017 wauguzi waligoma karibu miezi mitano, na kwa kuwa zahanati huendeshwa na wauguzi, vijijini milango mingi ilifungwa. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56. Akiba ya dawa (swali la 7) ndiyo kinga ya kwanza. Hospitali za misheni mara nyingi huendelea kufanya kazi. Jua iliyo karibu na bei zake kabla hujazihitaji.

22. Mzee ametibiwa lakini hospitali haimwachilii kwa sababu ya bili.

Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake, ingawa jambo hilo bado hutokea. Omba kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayepima uwezo wa familia na kupendekeza msamaha au malipo ya awamu. Nenda na barua ya chifu na uthibitisho wa SHA, na makubaliano yote yaandikwe.

23. Saratani imegunduliwa ikiwa imechelewa. Tuuze shamba?

Usiuze kabla ya kuuliza swali moja: matibabu haya yanalenga kuponya, kuongeza muda, au kupunguza maumivu? Daktari mwaminifu atakujibu. Kwa miaka mingi mashine ya mionzi ya umma ilikuwa Hospitali ya Kenyatta peke yake, na wagonjwa kutoka kila pembe walipanga foleni hapo. Sasa kuna vituo nje ya Nairobi pia, kwa hiyo uliza kilicho karibu naye. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ambayo ni nyingi upande wa Bomet, huanza kwa chakula kukwama kikiwa kikavu. Mzee anayeanza kula uji pekee apelekwe mara moja.

Ikiwa kuponya hakuwezekani, bado kuna tiba. Huduma ya kupunguza maumivu hutolewa na Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, pamoja na vitengo katika hospitali nyingi za kaunti. Morfini ya maji hunywewa nyumbani na haimharakishii mtu kifo ikitumiwa kwa kipimo alichopewa. Mzee wa mashambani ana haki ya kufa bila maumivu sawa na wa Karen, na akiwa na shamba lake bado.

24. Mzee mwenyewe hataki hospitali kabisa. Nimlazimishe?

Akili zake zikiwa timamu, uamuzi ni wake. Lakini sikiliza anachokataa. Wengi hukataa safari, aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya kijana, au kumbukumbu ya mwenzao aliyekwenda asirudi. Muulize, "Baba, ni nini hasa unachoogopa?" kisha mtafutie njia: mhudumu wa umri mkubwa, kliniki ndogo, au kupimwa nyumbani na mhamasishaji. Mwanaume anayeamka usiku mara tano kwenda haja ndogo huenda akakubali kuzungumza na tabibu mwanaume, asikubali kuzungumza na binti yake. Mtume kaka au shemeji ampeleke.